Mazrui: Jina lililopewa ardhi, kisha likapokonywa

KATIKA Kaunti ya Kilifi kuna jina moja ambalo likitajwa barazani, mazungumzo hugeuka papo hapo kuwa ya ardhi. Jina hilo ni Mazrui.

Kwingineko jina hilo hilo huamsha kumbukumbu nyingine kabisa. Vyuoni humkumbusha msomi Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014 baada ya kulitangaza jina la ukoo wake katika mabara yote. Mjini Mombasa, wazee humtaja babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili humtaja Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Lakini kwa mkulima wa Kigiriama aliyepanda minazi na mikorosho katika viunga vya Takaungu, kusini mwa mji wa Kilifi, Mazrui si jina la msomi wala la shehe. Ni jina la mwenye shamba.

Kwa muda mrefu mzozo wa ardhi za Mazrui umesimuliwa kama vita kati ya Mwarabu na Mmijikenda, au kati ya bwanyenye na maskwota. Masimulizi hayo yana chembe ya ukweli, ila hayaelezi kwa nini mzozo umeshindwa kutatuliwa na serikali ya kikoloni, Bunge la Kenya huru na hata mahakama. Ukichunguza historia, utaona kwamba kiini cha tatizo ni kimoja. Mara mbili, mwaka 1914 na mwaka 1989, dola ilitunga sheria kuhusu jina la ukoo badala ya kutunga sheria kuhusu watu: kwanza ikalipa jina hilo ardhi, kisha ikalipokonya. Mara zote mbili, wale walioishi na kulima mahali pale hawakuhesabiwa.

Kutoka Fort Jesus hadi Takaungu

Asili ya jina ni Oman. Wamazrui walifika Mombasa wakiwa watumishi wa Maimamu wa ukoo wa Yaarubi, ambao majeshi yao yaliwatimua Wareno kutoka Fort Jesus mwaka 1698. Katika miaka ya 1730, Muhammad bin Uthman al-Mazrui aliteuliwa kuwa liwali wa Mombasa. Utawala wa Oman ulipoingia mikononi mwa Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi katika miaka ya 1740, liwali huyo alikataa kumtii. Hoja yake ilikuwa kwamba ikiwa gavana mmoja ameweza kujitwalia ufalme kule Oman, hapakuwa na sababu ya gavana mwingine kumnyenyekea.

Muhammad bin Uthman aliuawa na watu waliotumwa na mtawala huyo mpya. Nduguye, Ali bin Uthman, akatoroka kifungoni, akaitwaa tena ngome na kuushika uliwali. Tangu hapo, kwa karibu miaka 100, ukoo huo ulitawala Mombasa bila kumtegemea mtu wa Maskati. Kwa muda mrefu kisiwa cha Pemba kilikuwa chini yao, na waliingilia siasa za Pate na Lamu. Nguvu zao hazikutokana na mizinga peke yake. Walitawala kwa maafikiano na mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na kwa urafiki na Wamijikenda wa bara, ambao waliwapa nafaka, pembe za ndovu na wapiganaji wakati wa dhiki.

Kushindwa kwa Mombasa na Pate katika vita vya Shela, Lamu, mapema katika karne ya 19 kulianza kuyumbisha mamlaka hayo. Mwaka 1824 Wamazrui walijaribu kujikinga kwa kupandisha bendera ya Uingereza, kwa makubaliano na Kapteni William Owen. Ulinzi huo ulidumu miaka miwili tu, kisha serikali ya London ikaukana. Hadi leo, eneo la Port Reitz mjini Mombasa lina jina la Luteni John James Reitz, ofisa kijana aliyeachwa kuusimamia ulinzi huo na akafariki baada ya miezi michache.

Mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa wakati huo, aliutumia ufundi wake kuutetea mji dhidi ya Sayyid Said wa Maskati na Unguja. Hata hivyo, baada ya mashambulizi ya miaka kadhaa na mpasuko ndani ya ukoo wenyewe, Sayyid Said aliitwaa Mombasa mwaka 1837. Viongozi wa Mazrui walikamatwa kwa hila na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, ambako wengi waliangamia.

Waliosalia waligawanyika. Kundi moja lilielekea kusini na kufanya makao Gazi, katika Kaunti ya Kwale ya sasa. Kundi la pili lilielekea kaskazini hadi Takaungu, kwenye mkono mdogo wa bahari kusini mwa Kilifi. Kwa hiyo Takaungu ilikua kama mji wa ukoo ulioshindwa, uliokuja kujenga upya heshima yake kwa kilimo na biashara.

Utajiri na jasho la wengine

Heshima hiyo ilirudi haraka. Kuanzia miaka ya 1840 hadi 1880, Takaungu ilikuwa miongoni mwa bandari zilizosafirisha kwa wingi mtama, mahindi na ufuta kwenda Unguja na Uarabuni. Wagiriama walileta nafaka na pembe kutoka bara, na uhusiano wao na Wamazrui ulikuwa wa undugu wa kuchanjiana pamoja na wa kibiashara. Malindi, mji uliokuwa umebaki mahame, ulipofufuliwa na watawala wa Unguja katika miaka ya 1860 na kuwa ghala la nafaka la pwani nzima, wenye mashamba wa Takaungu pia walikuwa sehemu ya uchumi huo mpya.

Uchumi huo ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Waliletwa kwa majahazi kutoka Kilwa na bara la kusini, na wengine walitoka karibu zaidi: wakati wa njaa, familia za Kimijikenda ziliweka watoto rehani kwa chakula, na baadhi ya watoto hao hawakurudi. Ndiyo sababu kumbukumbu za Takaungu kati ya wakazi wa bara la Kilifi zina sura mbili. Upande mmoja ni wa ushirika na ujirani. Upande wa pili ni wa hofu ya kutekwa.

Wakati Kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa ilipokuwa ikikaribia kufilisika, aliyekuwa kiongozi wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki mapema mwaka 1895. Kwa desturi ya ukoo, uongozi ulimstahili Mbaruk bin Rashid, mtoto wa kiongozi wa awali. Kampuni ikamchagua Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa kuwa alionekana kuwa msikivu zaidi kwa Waingereza.

Ugomvi huo wa urithi uligeuka kuwa vita. Mbaruk wa Takaungu aliungana na Aziz bin Rashid wa Sokoke, kisha na Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshawaasi masultani wa Unguja mara kadhaa. Katikati ya vita hivyo, Julai 1, 1895, Uingereza ilitangaza rasmi himaya yake juu ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huo, ngome ya Mbaruk huko Mweli ilishambuliwa na kutekwa. Baadhi ya Wagiriama waliwasaidia waasi kwa chakula na maficho. Waingereza walilazimika kuleta askari kutoka India, na mnamo Aprili 1896 mzee wa Gazi alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki uhamishoni Dar es Salaam mwaka 1910.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vita hivyo havikuwa vya ukoo mzima dhidi ya Waingereza. Waliokuwa wakipigania Takaungu, upande huu na ule, wote walikuwa Mazrui. Kulichukulia jina kama kitu kimoja chenye nia moja kulikuwa kosa tangu mwanzo, na ndilo kosa ambalo sheria zilizofuata zilikuja kulirudia.

Mwaka 1914

Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya. Wenye watumwa walilipwa fidia. Walioachwa huru hawakupewa ardhi. Wengi waliendelea kulima palepale walipokuwa wakilima, wakati huu wakiwa wapangaji wasio na mkataba.

Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908. Kwa mujibu wake, kila aliyedai kumiliki ardhi katika ukanda wa pwani uliokuwa milki ya Sultani wa Unguja alitakiwa kujitokeza mbele ya ofisa wa serikali na kuthibitisha dai lake. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake lilikataliwa, ilikuwa ya serikali. Utaratibu huo uliwafaa watu wa mijini waliojua kuandika, waliokuwa na hati za kadhi au mashahidi waliokubalika. Mmijikenda ambaye haki yake ilitokana na kufyeka msitu na kupanda mnazi hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wengi hata hawakupata habari kwamba kulikuwa na muda wa kudai.

Ni katika mazingira hayo ambapo, mwaka 1914, serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya ardhi za Mazrui. Ardhi ya Takaungu na viunga vyake haikugawiwa mtu mmoja mmoja. Iliwekwa chini ya wadhamini kwa manufaa ya ukoo, na mwanaukoo mmoja hakuweza kujiuzia sehemu yake kama apendavyo. Kwa namna fulani ilifanana na wakfu, ila wakfu huanzishwa na mtu mwenye mali kwa hiari yake na kwa kufuata sharia ya Kiislamu, ilhali amana hii ilianzishwa na dola.

Kwa ukoo uliokuwa umeshindwa vitani miaka 18 tu nyuma, hayo hayakuwa mafanikio madogo. Sheria ya urithi ya Kiislamu huigawa mali ya marehemu kwa warithi wengi, na baada ya vizazi vitatu shamba huwa vipande visivyolimika au huishia mikononi mwa mkopeshaji. Katika miaka hiyohiyo, wenye mashamba wengi wa Malindi na Mombasa walipoteza ardhi zao kwa wafanyabiashara na madalali. Amana iliuokoa ukoo wa Mazrui na hatari hiyo.

Lakini mwaka huohuo wa 1914, kilomita chache kutoka hapo, Wagiriama walikuwa wakipokea ujumbe tofauti kabisa kutoka kwa serikali ileile. Walikuwa wamekataa kodi, kazi za kulazimishwa na amri ya kuhama mashamba yao yenye rutuba kaskazini mwa mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza kula kiapo cha kukataa, alikuwa ameshakamatwa mwaka 1913 na kuhamishiwa Kisii. Agosti 1914, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vilifuata, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na jamii nzima ikatozwa faini.

Mambo hayo mawili ya mwaka 1914 husimuliwa mara nyingi kama historia mbili tofauti, moja ya Waarabu na nyingine ya Wagiriama. Kwa hakika ni historia moja. Serikali ilikuwa ikipanga nani atakuwa mwenye ardhi na nani atakuwa mfanyakazi katika pwani ya Kenya, na chombo ilichotumia ni kuwaorodhesha watu kwa kabila na ukoo. Jina moja lilipewa wadhamini, na jina lingine likapewa baruti.

Mti wa mmoja, udongo wa mwingine

Kwa miaka mingi baadaye, watu wa Takaungu waliishi kwa mapatano ambayo hayakuandikwa popote katika sheria hiyo. Desturi ya pwani hutenganisha mti na udongo: aliyepanda mnazi, mwembe au mkorosho anaweza kuwa mwenye mti huo, kuurithisha na hata kuuuza, ijapokuwa udongo si wake. Mpangaji hulipa ijara ndogo kwa mwenye ardhi, naye huachwa ajenge nyumba ya udongo na makuti.

Mapatano hayo yaliwezekana maadamu ardhi haikuwa na bei kubwa. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi, mashamba makubwa ya mkonge ya Vipingo, hoteli za kitalii zilizoota kandokando ya bahari, na nyumba za likizo za matajiri kutoka bara na ng'ambo, vyote vilibadilisha hesabu. Takaungu ilikuwa imewavutia wageni tangu zamani: katika miaka ya 1920, mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton, anayejulikana kupitia maandishi ya Karen Blixen, alikuwa na nyumba huko. Lakini mgeni mmoja mwenye nyumba si sawa na soko la viwanja. Pale ekari ya ufuoni ilipoanza kuuzwa kwa mamilioni ya shilingi, swali la nani mwenye udongo halikuweza tena kuachiwa desturi.

Uhuru wenyewe haukulijibu swali hilo. Kinyume chake, makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, yaliyoufanya ukanda wa pwani kuwa sehemu kamili ya Kenya, yalihakikisha kwamba hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa zingeendelea kutambuliwa. Kwa wenye hati, huo ulikuwa ulinzi. Kwa Mmijikenda aliyetarajia kuwa uhuru ungemrudishia shamba la babu yake, ilikuwa sawa na kuambiwa kuwa saa ya kudai ilipita mwaka 1908.

Bunge lafuta, mahakama yajibu

Mwaka 1989, Bunge la chama kimoja chini ya utawala wa Rais Daniel arap Moi lilifuta sheria ya ardhi za Mazrui. Kwa wakazi wengi wa Kilifi ilikuwa habari njema. Hatimaye, walisema, dola imekiri kwamba sheria ya mkoloni haikuwa ya haki.

Hata hivyo, namna ya kuifuta ilikuwa na kasoro ileile ya namna ya kuitunga. Ukoo mzima ulipokonywa kwa kutajwa jina, bila kutenganisha tajiri aliyeishi Mombasa na mvuvi wa Takaungu asiye na kitu ila ngalawa. Na wale waliokuwa wakilima hawakukabidhiwa hati kwa kuitwa majina yao mmoja mmoja. Maskwota wa sheria ya 1914 waliendelea kuwa maskwota baada ya sheria ya 1989, tofauti ikiwa kwamba mwenye ardhi sasa alikuwa hajulikani vyema. Historia ya ardhi ya umma nchini katika miaka hiyo, kama ilivyofichuliwa na Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004, inaonyesha ni akina nani waliofaidika zaidi pale ardhi ilipokosa mwenyewe anayefahamika.

Familia ilikwenda mahakamani. Baada ya Katiba ya 2010 kuanza kutumika, Mahakama Kuu ilikubali hoja yake kwamba kufutwa kwa sheria ile kulikiuka haki ya kumiliki mali. Kisheria, hoja hiyo ni nzito. Kifungu cha 40 cha Katiba hakimruhusu mtu yeyote kupokonywa mali bila fidia ya haki, na hakisemi kwamba haki hiyo ni ya jamii fulani pekee. Iwapo Bunge linaweza kuupokonya ukoo mmoja leo kwa sababu haupendwi, kesho linaweza kufanya hivyo kwa mwingine.

Lakini uamuzi huo uliwatia hofu maelfu ya watu ambao shule zao, misikiti yao, makanisa yao na makaburi ya wazazi wao yamo katika ardhi hiyo. Nao wana hoja nzito vilevile. Kifungu cha 67 cha Katiba hiyohiyo kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ilitambua kwamba tatizo la pwani lilianzia katika sheria ya 1908. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliitaja ardhi kuwa kiini cha malalamiko ya watu wa Pwani.

Kwa hiyo Katiba moja inazilinda haki mbili zinazogongana juu ya shamba moja. Mahakama huombwa kusema nani ana haki, na ikishasema, upande mmoja hutoka umeshinda na mwingine umeshindwa. Shida ya Takaungu haifai kuamuliwa hivyo.

Nani hasa ni Mazrui?

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: jina lenyewe lina nani ndani yake?

Katika nchi za Ghuba, kabila hilo hilo lipo na lina watu wengi. Suhail Al Mazrouei, aliyeteuliwa kuwa waziri wa nishati wa Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2013, ana jina hilo kwa tahajia nyingine. Hakuna anayedhani kwamba kwa sababu hiyo ana dai lolote Kilifi. Maana yake ni kwamba jina peke yake halitoshi kuwa ushahidi wa haki, hata machoni pa wale wanaoitetea amana.

Tena jina hufuata ubabani. Binti wa Mazrui anayeolewa na mwanamume wa ukoo mwingine hurithi kwa sharia ya Kiislamu, lakini watoto wake huitwa kwa jina la baba yao. Baada ya vizazi vinne, kuna watu wenye damu ya Takaungu wasio na jina hilo. Na kwa upande mwingine, katika pwani nzima ya Waswahili, watumwa walioachwa huru mara nyingi walitambuliwa kwa ukoo wa mabwana wao. Vizazi vyao viliswali msikiti mmoja na wajukuu wa mabwana na kuoana nao. Orodha ya wenye jina na orodha ya warithi ni vitu viwili tofauti, na yeyote atakayejaribu kuzilinganisha atagundua kwamba mpaka kati ya "Mwarabu" na "mwenyeji" umepita ndani ya nyumba moja.

Historia ya ukoo wenyewe karne iliyopita inathibitisha kwamba jina halina msimamo mmoja. Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani waache kujivunia nasaba na washike elimu. Alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi kifo chake mwaka 1947. Wakati huohuo aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa ukoo wake, kitabu kilichochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Mwanawe, Ali Mazrui, alieleza Afrika kuwa bara la urithi wa aina tatu: wa Kiafrika, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mwaka 1992 aliteuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuwa miongoni mwa watu mashuhuri wa kulitetea dai la Afrika la kulipwa fidia kwa utumwa. Mtu aliyetoka katika ukoo uliomiliki watumwa alilibeba dai la wajukuu wa watumwa mbele ya ulimwengu. Naye Alamin Mazrui aliandika Kilio cha Haki, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1981 kuhusu wafanyakazi wa shambani wanaomkabili mwajiri wao, na mwaka 1982 akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Watu hao hawakungoja waambiwe kuwa jina lao lina deni. Walilijua, na kila mmoja alilijibu kwa njia yake.

Ali Mazrui alizikwa Oktoba 2014 katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Hakuna mtu wa Mombasa aliyebisha kwamba hapo ndipo mahali pake. Makaburi hayo yana jina la Mazrui na hayamzuii mtu yeyote kupata riziki. Ubishi huanza pale jina linapowekwa juu ya udongo unaolimwa na mtu mwingine.

Njia iliyobaki

Wanasiasa wa Kilifi wamezoea kuahidi kila baada ya miaka mitano kwamba ardhi za Mazrui zitarejeshwa kwa wananchi, bila kueleza kwa utaratibu gani, kwa fedha zipi na kwa wananchi gani. Ahadi ya namna hiyo inarudia kosa la 1989. Kwa upande mwingine, kudai kwamba hali irudi kama ilivyokuwa chini ya wadhamini ni kurudia kosa la 1914.

Kinachohitajika kwanza ni kuhesabu. Zinahitajika orodha tatu zilizo wazi kwa umma: ya warithi halisi wa amana, wake kwa waume, kwa majina yao, ya watu wanaoishi na kulima katika ardhi hiyo, na muda waliokaa, na ya miti na majengo, kwa kuwa desturi ya pwani huvitambua kuwa mali inayojitegemea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inayo hazina maalumu ya kuwapatia makao maskwota. Kuitumia hazina hiyo kununua mashamba yanayokaliwa, kwa bei inayozingatia kwamba mpangaji ndiye aliyeiongezea ardhi thamani, kutaipa familia fidia ambayo Katiba inaitaka na kumpa mkulima hati ambayo hajawahi kuwa nayo tangu 1908. Ardhi isiyokaliwa inaweza kubaki kwa warithi. Misikiti, makaburi na magofu ya Takaungu yanastahili kuhifadhiwa kwa niaba ya wote.

Itakuwa kazi ya kuchosha na isiyomletea mwanasiasa makofi, na huenda ikafichua mengi: mwanaukoo aliyekwisha kuuza kisirisiri kile ambacho hakikuwa chake peke yake, mgeni aliyejitwalia ufuo baada ya 1989, au skwota anayejiita hivyo ilhali ana mashamba matatu kwingineko. Hayo yote yameweza kujificha kwa sababu mjadala umekuwa ukifanywa kwa majina makubwa: Mazrui, Mijikenda, Mwarabu, mwenyeji.

Waliotawala Fort Jesus wamekufa, nao waliolilipua Kaya Fungo wamekufa. Waliobaki Takaungu ni wavuvi, wakulima wa mihogo, walimu wa madrasa na vijana wa bodaboda, baadhi wakiitwa Mazrui na wengine Kazungu au Karisa, ambao wote hawawezi kupeleka hati benki na kupata mkopo. Hadi pale kila mmoja wao atakaposajiliwa kwa jina lake mwenyewe, ardhi hiyo itaendelea kumilikiwa na kesi.